Sikio la Kushoto

Daktari alinivika vidude masikioni,
akaniambia niinue mkono nikisikia mlio.
Nikauinua kabla hajawasha mashine.

Mlio huo ninao tangu Machi ya themanini na nne,
Bytom, ukumbi wa wazimamoto, nguzo ya kushoto,
hatua tatu kutoka kwenye spika ndefu kama kaka yangu Ginter.
Tanuri la Tatu, ndivyo walivyojiita,
kwa kuwa kiwanda cha chuma kilikuwa na matanuri mawili tu
na vijana wanne waliona hayatoshi.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na viatu vya mama.
Tiketi ilikuwa kipande cha daftari la hesabu
kilichogongwa muhuri wa maktaba,
sijui nani aliuiba.
Wimbo wa nne, umeme ukakatika.
Magitaa yakafa katikati ya neno.
Lakini Wichura, mpiga ngoma, hakuambiwa,
au aliambiwa akakataa,
akaendelea kutwanga gizani,
nasi tukadakia pale magitaa yalipoachia,
kwa midomo, kwa visigino,
hata mtu akawasha kiberiti, tukaonana:
nyuso za watu walioiba kitu pamoja.

Nimewaona mara kumi na tisa. Sizikumbuki zote, nisidanganye.
Ya sita ni tope tu, na bia ya mtu mgongoni mwangu.
Ya tisa nilikuwa na mimba ya Kinga,
naye akapiga mateke nje ya mapigo,
kama babake anavyocheza.

Ya kumi na moja, Gliwice, theluji magotini,
tulikuwa watu kumi na wanne. Nilihesabu mara mbili.
Alojz alisimama jukwaani akatutazama
kama mwenye duka na mteja wake mmoja siku ya mvua,
kisha akasema, "Sogeeni, mkaa una bei,"
akaimba kama uwanja umefurika.
Ubeti wa pili ukamtoka kichwani.
Nikautamka. Sikuuimba, niliutamka,
kama mke anayemnong'oneza mumewe jina la mgeni mlangoni.
Akaninyoshea kidole, akaendelea.

Kidole hicho ndicho mali yangu.
Nimezaa, nimezika, nimelipwa kiinua mgongo,
na bado nikijiuliza niliwahi kuwa nani
najijibu: yule aliyejua ubeti wa pili.

Ginter hakuwapenda. Alisema kelele anazo kazini,
tena za kule analipwa kuzisikia.
Alikuja mara moja tu, ya kumi na nne,
mwaka ule matanuri yote mawili yalipozimwa.
Alisimama nyuma kabisa, koti limefungwa vifungo vyote.
Besi ilipoingia nilimwona akiweka kiganja ukutani,
jinsi alivyozoea kupima mashine
kama zinakwenda sawa.
Kwenye tramu hakusema kitu, kisha akasema,
"Yule wa ngoma anachelewa kidogo."
Na vituo viwili mbele: "Afadhali."

Mwaka jana, viti vyenye namba.
Alojz ameketi kwenye stuli, maji ya moto pembeni.
Wichura hayupo. Ngoma zake anazipiga binti wa mpiga besi,
msichana hodari, hachelewi hata chembe,
na viganja vyangu vikawa vinapiga peke yao, nyuma kidogo,
pale alipozoea kupiga yeye.
Mwanamke wa kiti cha pili akanigeukia.
Nikaacha.
Kisha nikaendelea.

"Mlio huu hauponi," daktari anasema huku akiandika.
Namuuliza kama unaweza kupungua wenyewe, kwa uzee.
Ananishika bega, ananipa pole.
Anadhani ninataka upungue.